Kupiga picha za wanamitindo kwa kamera ya inchi 4 kwa 5, hatua kwa hatua, kwa mwanga wa Bagamoyo

Kamera kubwa ya filamu, ile ya kujifunika shuka kichwani, haina ugomvi na majengo. Boma la Wajerumani limesimama palepale tangu 1897 na litakusubiri mpaka uridhike. Tabu inaanza ukiweka binadamu mbele yake. Ukishafokasi unafunga shata, unachomeka holda, kile kibebeo chembamba cha filamu, mbele ya kioo cha nyuma unachotazamia picha, na tangu hapo huoni tena kitu kupitia lenzi mpaka ufyatue. Muda huo ni mfupi, lakini ndani yake modo anapumua, anacheka, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Akisogea sentimita tatu tu, jicho limetoka kwenye fokasi na sikio ndilo limekuwa kali.

Kwa hiyo karibu yote nitakayoeleza hapa yanalinda kitu kimoja: umbali kati ya lenzi na jicho la modo. Nachukulia kwamba unajua tayari maana ya tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO. Kama hujui, anza na kamera ya kawaida kwanza, filamu hizi si za kujifunzia ABC.

Hatua ya 1: Vifaa, na shuka la kaniki

Nazungumzia inchi 4 kwa 5 kwa sababu ndiyo saizi rahisi zaidi kuipatia filamu, ingawa karibu yote utaagiza nje. Inchi 8 kwa 10 ni tamu, lakini kipande kimoja chake kina eneo la vipande vinne vya 4 kwa 5, na bei inafuata hesabu hiyohiyo.

Kamera za reli kama Sinar, Cambo au Toyo zinageuka kila upande lakini ni mzigo, zinafaa studio. Kwa kutembea Mji Mkongwe wa Bagamoyo chukua ya kukunja. Intrepid ya Uingereza ina uzito wa kama kilo moja na robo. Crown Graphic za zamani, zile za waandishi wa habari wa Marekani, hazigeuki sana ila ni ngumu kama jiwe, na kwa picha za watu zinatosha kabisa.

Lenzi yangu ni milimita 210. Ya 150 ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kawaida kwa saizi hii, lakini kwa picha ya kichwa na mabega itabidi uwe kama sentimita 80 kutoka kwa mtu, na hapo pua inaanza kutangulia uso. Kwa 210 unasimama kwenye mita moja na kidogo, uso unakaa vizuri. Ya 300 ni nzuri zaidi, ila kwa picha hiyohiyo ule mfuko wa mikunjo ulio kati ya lenzi na kioo lazima uvutike karibu sentimita 37, na kamera nyingi za kukunja hazifiki huko. Pima yako kabla hujanunua lenzi.

Vingine: tripodi nzito, waya wa kufyatulia, lenzi ndogo ya kukuzia, mita ya mwanga, brashi laini, futi ya fundi cherehani, uzi mweupe wa kushonea, chaki, na holda nne. Holda moja inabeba vipande viwili vya filamu, kwa hiyo unatoka na picha nane. Zinatosha. Seydou Keïta, mpigapicha wa Bamako, aliyefungua studio yake 1948, alitumia kamera ya sentimita 13 kwa 18, na kwa sababu ya gharama ya filamu mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu.

Shuka usinunue la nailoni. Nenda kwa fundi cherehani na kaniki mbili za ndani na marekani nyeupe ya nje, vishonwe pamoja vipate mita moja na nusu kwa mita moja na robo. Kaniki moja peke yake ni nyepesi, ukiitazama juani unaona mwanga unapenya. Weupe wa nje ndio utakaokuokoa, maana shuka jeusi pande zote, saa nne asubuhi pwani, utatoka humo umeiva. Mwambie fundi ashonee nati za bolti kwenye kona nne ili upepo usikuvue. Misafara iliyotoka hapa kwenda Tabora na Ujiji ilibeba kaniki na marekani kama fedha ya njiani, na bado sijaona kitambaa kinachoifanya kazi hii vizuri zaidi.

Hatua ya 2: Pakia filamu usiku wa kuamkia kazi

Filamu ikitoka kwenye friji iache ndani ya pakiti yake iliyofungwa, saa kadhaa, mpaka ifikie joto la chumba. Ukiifungua ikiwa ya baridi katika unyevu wetu huu, matone ya maji yanatanda juu yake kama kwenye chupa ya soda baridi, na hapo umeiharibu.

Mfuko wa giza wa kuingiza mikono unafaa dharura tu, kwa sababu mikono inatoka jasho mle ndani na alama za vidole zinabaki kwenye filamu. Bora bafu lisilo na dirisha, usiku. Umeme ukikatika mtaa mzima, hiyo ndiyo nafasi yako. Zima taa, ziba chini ya mlango kwa taulo, kaa dakika tano. Ukianza kuona kiganja chako, bado kuna mwanga unaingia.

Piga brashi ndani ya holda na kwenye slaidi zake, vile vifuniko vyembamba vya kuchomoa, kabla ya kuzima taa. Mchanga wa Bagamoyo ni mwembamba na unaingia popote. Kisha gizani shika kipande cha filamu kimesimama, upapase zile pengo ndogo zilizokatwa ukingoni. Zikiwa kona ya juu kulia, upande wenye dawa unakutazama wewe, na ndio upande unaotakiwa kutazama nje kwenye holda. Telezesha chini ya vijiti vyote viwili vya pembeni, si kimoja. Rudisha slaidi ukanda wake mweupe ukitazama nje: mweupe maana yake filamu haijapigwa, mweusi imeshapigwa. Ukanda mweupe kwa kawaida una vinundu, ili uutambue gizani kwa kidole.

Natumia filamu nyeusi na nyeupe, Ilford HP5 Plus. Boksi linasema ISO 400, mimi naihesabu kuwa 200 ili vivuli vipate nyama.

Hatua ya 3: Mahali na saa

Bagamoyo inatazama mashariki. Jua linatoka baharini na kuzama nyuma ya mji, na ratiba yako yote inatokana na hilo.

Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili, pwani ina mwanga wa chini unaompiga modo usoni moja kwa moja. Ni mzuri kwa picha za mwili mzima, mbaya kwa macho kwa sababu mtu anakunja uso. Mimi huo muda nautumia ndani ya mji, kwenye baraza na vichochoro, ambako mwanga unaingia kwa kugonga ukuta wa chokaa wa upande wa pili. Ukuta huo ni riflekta kubwa usiyolipia.

Jioni mambo yanageuka. Jua likishaingia nyuma ya nyumba na minazi, ufukwe wote unakuwa kivulini huku anga juu ya bahari likiwa bado na mwanga mpana, laini. Mgeuze modo atazame baharini, wewe simama kati yake na maji. Una nusu saa hivi. Angalia maji yanajaa au yanapwa kabla hujatega tripodi, hasa siku za bamvua, maana miguu ya tripodi ikilowa bahari lazima uisuuze kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo la sivyo skrubu zitashika kutu.

Saa sita mchana acha. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba jua linapita juu ya utosi kabisa hapa kwetu, na macho ya modo yanakuwa mashimo mawili meusi. Ukilazimika, ingia ndani, karibu na mlango mkubwa uliofunguliwa.

Upepo nao. Ule mfuko wa mikunjo ni tanga. Wakati wa kusi fanya kazi mapema au jifiche nyuma ya ukuta. Mfuko ukitikisika, lenzi inatikisika nao.

Ruhusa: kwa mwenye nyumba hata kama unatumia baraza lake tu, na kwa mjumbe kama utakaa muda mrefu. Kamera hii juu ya tripodi inafanana sana na mashine ya wapima ardhi, na kwenye mji wenye kesi za viwanja hilo si jambo dogo. Mzee atapita, utamwamkia, "Shikamoo mzee," atajibu "Marahaba," halafu swali linafuata bila kupumzika: "Mnapima hapa, nani kauza?" Mwite aje aangalie kwenye kioo. Akimwona modo kichwa chini miguu juu atacheka, na mtaa mzima utajua kabla hujafunga kazi kwamba ni picha tu.

Magofu ya Kaole yana kiingilio na wasimamizi, waone kwanza. Na tafadhali, usimkalishe modo juu ya kaburi. Watu bado wanakwenda pale kuomba.

Hatua ya 4: Zungumza na modo kabla hajavaa

Wanamitindo wa sasa wamezoea dijitali. Kila wakisikia shata wanabadilisha pozi, na wengine hawasubiri hata shata. Kwa kamera hii atakuwa amebadilisha kabla hujachomoa slaidi. Mweleze mapema: picha ni nane, kila moja ina maandalizi marefu, na kuna kipindi kifupi ambacho asisogee hata kidogo. Mkubaliane malipo kwa muda, si kwa idadi ya picha, na idhini ya matumizi iwe kwenye karatasi.

Kisha mwache aingie chini ya shuka atazame. Mweke msaidizi wako kwenye kiti, mwambie asogeze kichwa mbele kidogo tu, na modo aone mwenyewe jinsi jicho linavyopotea. Maelezo ya nusu saa hayafikii hilo. Kama wewe ni mwanaume na modo ni mwanamke, mwachie shuka lote, usimame pembeni. Hakuna haja ya watu wawili humo ndani.

Bagamoyo tuna bahati ya TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyokuwa zamani Chuo cha Sanaa. Mji umejaa wacheza ngoma, waigizaji na watu wa sarakasi, na miili yao inatii. Mcheza ngoma ukimwambia "bakia hapo" anajua uzito wake uko kisigino gani. Kwa kamera hii namchagua yeye kabla ya modo wa jukwaani mwenye sura ya majarida.

Kuhusu ngozi: mwombe asijipake poda nyingi. Najua mafundi wa meikapu watanuna. Ngozi nyeusi kwenye filamu nyeusi na nyeupe inaumbwa na mng'ao wake, pale mwanga unapoteleza kwenye shavu, kwenye mfupa wa bega, kwenye paji. Ukiufuta wote kwa poda unabaki na kivuli cha rangi moja. Futa jasho kwa leso, acha mafuta kidogo.

Hatua ya 5: Egemeo kwanza, pozi baadaye

Studio za karne ya 19 zilikuwa na chuma cha kushika shingo kwa nyuma, mteja asitikisike wakati shata iko wazi kwa sekunde kadhaa. Leo hatuhitaji chuma, lakini wazo lake bado ni sahihi: mwili ushikwe na kitu.

Mtu aliyesimama wima bila kugusa chochote anayumba mbele na nyuma muda wote hata kama anajiona ametulia. Mpe ukuta. Bega moja likigusa fremu ya mlango wa kuchonga, ameshapoteza nusu ya kuyumba kwake. Akikaa, kiwiko juu ya goti na kidevu juu ya ngumi ni pozi la zamani ila halisogei. Stuli isiyo na mgongo inamfanya alegee taratibu na kurudi nyuma. Kiti chenye mgongo kikigeuzwa, yeye akiegemeza mikono juu ya mgongo wa kiti, ni kizuri kuliko vyote. Chora chaki kuzunguka miguu ya kiti na kuzunguka viatu vyake.

Pazia la nyuma likiwepo, khanga au kitenge kilichonyooshwa vizuri, lining'inize mita moja na nusu au zaidi nyuma yake ili maua yalainike. Keïta alitundika shuka la kitanda lake mwenyewe karibu kabisa na mteja, na maua ya nguo yakachanganyikana na ya pazia. Ukitaka hivyo, fanya makusudi kabisa.

Hatua ya 6: Kufokasi

Weka kamera kwenye kimo cha macho kwa picha ya uso, kifua kwa picha ya nusu mwili, kitovu kwa mwili mzima. Kioo cha nyuma kiwe wima. Kuongeza au kupunguza nafasi juu ya kichwa, pandisha au shusha fremu ya lenzi badala ya kuinamisha kamera yote. Ukiinamisha, mtu mrefu anakuwa na kichwa kikubwa na miguu ya mtoto.

Fungua shata, fungua tundu lote, jifunike, subiri macho yazoee. Picha iko kichwa chini na kushoto imekuwa kulia. Hilo unalizoea haraka kuliko unavyodhani, na lina faida yake, kwa sababu sura ikigeuzwa unaanza kuona maumbo na mwanga kabla ya kuona mtu.

Fokasi kwenye kope za jicho lililo karibu na kamera, kwa lenzi ya kukuzia iliyogusa kioo. Jicho lenyewe linateleza, kope zinakupa mstari wa kushika. Jua pia nafasi uliyonayo: kwa lenzi ya 210, kichwa na mabega, tundu la f/5.6 linakupa kama sentimita mbili na nusu tu zilizo kali, mbele na nyuma zikijumlishwa. Kwa f/11 ni kama sentimita tano. Kwa f/22 ni kumi, lakini hapo mwanga wa baraza haukutoshi tena.

Uso ukigeuka kidogo pembeni, jicho la pili linatoka nje ya sentimita hizo. Hapa kamera hii inalipa gharama yake. Geuza fremu ya lenzi nyuzi tatu au nne tu, lenzi ielekee upande wa jicho lililo karibu. Lile tabaka la vitu vilivyo kali linazunguka pamoja nayo na kupita kwenye macho yote mawili. Fokasi upya, kagua jicho moja, kagua la pili. Ukizidisha, bega moja litayeyuka kwa namna isiyo ya kawaida, na mtazamaji atahisi kuna kitu hata asipojua ni nini.

Sasa uzi. Funga ncha moja kwenye fremu ya lenzi. Modo akiwa kwenye fokasi, vuta uzi mpaka kwenye mfupa wa shavu, chini ya jicho ulilofokasi, na piga fundo hapo unapogusa. Fundo hilo ndilo kipimo chako cha siku nzima kwa pozi hilo. Msaidizi akae nalo pembeni.

Kaza kila skrubu.

Hatua ya 7: Pima mwanga, kisha pima mfuko

Mita ya kushika mkononi, ile yenye kuba dogo jeupe, iweke mbele ya uso wa modo na uielekeze kwenye lenzi. Kama una mita ya kulenga au programu ya simu inayopima mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi, kumbuka kwamba inadhani kila kitu ni kijivu cha katikati. Ngozi nyeusi itakuambia ufungue zaidi ya inavyostahili; punguza stopu moja. Modo akivaa kanzu nyeupe au gauni jeupe, usipime nguo. Pima ngozi upande wa kivuli, kisha nguo utaidhibiti wakati wa kusafisha filamu.

Tuseme barazani, saa mbili asubuhi, mita inasema f/11 kwa 1/60. Bado hujamaliza. Kadiri unavyomsogelea mtu, lenzi inasogea mbali na filamu na mwanga unapungua. Chukua futi ya fundi, pima kutoka kwenye ubao wa lenzi mpaka kwenye kioo. Kwa lenzi ya 210: ukipata sentimita 23.5, yaani nusu mwili, ongeza theluthi ya stopu. Sentimita 26, kichwa na mabega, ongeza theluthi mbili. Sentimita 30, uso mtupu, ongeza stopu nzima. Lenzi nyingine yoyote, gawanya urefu huo kwa urefu wa lenzi, jibu lizidishe kwa lenyewe, na ndiyo mara ngapi mwanga uongezwe. Andika namba hizi kwenye utepe ubandike kwenye kamera, hutataka kufanya hesabu wakati modo anasubiri.

Kwa mfano wetu, sentimita 26, acha 1/60 na ufungue tundu theluthi mbili kutoka f/11. Kwa aliyekaa na kuegemea, 1/30 inavumilika. Aliyesimama, usishuke chini ya 1/60.

Flashi za studio zinafanya kazi kwa kasi yoyote ya shata hizi za ndani ya lenzi. Kwenye shata za zamani zenye kiswichi cha X na M, weka X.

Hatua ya 8: Kufyatua

Mpangilio usibadilike kamwe, hata ukiwa na haraka. Rudisha kichwa kwenye fundo la uzi. Angalia fokasi mara ya mwisho. Funga shata. Funga tundu hadi namba yako. Jaza shata, yaani kaza springi yake iwe tayari kufyatuka. Chomeka holda taratibu, usisukume kamera. Funika holda kwa shuka, kwa sababu jua la pwani linapenya kwenye nyufa. Chomoa slaidi yote. Msaidizi anavuta uzi tena, fundo linagusa shavu au haligusi. Kama haligusi, modo anarudi polepole mpaka liguse. Uzi unaondoka.

Sasa toka nyuma ya kamera. Huna tena unachokiona kule. Simama ubavuni mwa lenzi, waya wa kufyatulia mkononi, umtazame mtu. Mpigapicha Mmarekani Richard Avedon alifanya hivyo kwa kamera ya 8 kwa 10 alipokuwa akipiga watu wa magharibi ya Marekani kati ya 1979 na 1984: kivulini, pazia jeupe nyuma yao, yeye amesimama pembeni ya kamera. Macho ya modo yanahitaji mahali pa kwenda, na kioo cha lenzi hakizungumzi.

Wacheza ngoma wana tatizo moja, wanavuta pumzi kutoka tumboni, kubwa, na kifua kikipanda kichwa kinarudi nyuma. Nimempiga dada mmoja wa ngoma barazani, bega kwenye mlango, khanga kifuani, na kila alipovuta pumzi niliona fundo la uzi likiacha shavu kwa upana wa kidole.

"Dada, toa pumzi yote, halafu baki bila kitu."

"Mpaka lini, kaka?"

"Mpaka usikie shata."

Alitoa pumzi, mabega yakashuka, uso ukalegea ule ukakamavu wa kupigwa picha, na fundo likarudi mahali pake. Mwisho wa pumzi ndipo mwili unapotulia na ndipo sura inapofunguka. Fyatua hapo. Usihesabu moja, mbili, tatu, maana kwenye tatu kila mtu anatengeneza tabasamu la pasipoti.

Rudisha slaidi, ukanda mweusi nje, funga kikulabu chake. Mwambie modo apumzike. Piga kipande cha pili cha pozi hilohilo kabla ya kubadilisha chochote, kwa sababu akipepesa macho hutajua mpaka usiku.

Hatua ya 9: Kusafisha filamu kwenye joto letu

HP5 Plus ndani ya ID-11, dawa ya kusafishia, iliyochanganywa na maji kiasi sawa kwa sawa inahitaji dakika 13 kwa nyuzi 20, ukiihesabu ISO 400. Kwa kuwa naihesabu 200, nakata hadi kama 11, na kama kulikuwa na nguo nyeupe juani nakata kidogo tena. D-76 inafanya kazi ileile.

Shida ni hizo nyuzi 20. Maji ya bomba hapa yanakuwa na joto la mchana. Weka chupa za maji yaliyoganda kwenye beseni kubwa, na trei ya dawa ikae ndani ya beseni hilo. Barafu isiingie kwenye dawa yenyewe. Ukishindwa kufika 20, fanya kazi kwenye 24 na upunguze muda kwa takribani asilimia 10 kwa kila nyuzi, lakini dawa zote na maji ya kuoshea yawe joto moja. Filamu ya moto ni laini, kucha inaichana.

Giza liwe totoro, taa nyekundu hapana. Loweka vipande kwenye maji kwanza, kimoja kimoja visigandane, halafu kwenye trei toa cha chini weka juu, taratibu, mpaka muda uishe. Vinne kwa mara moja ni vingi vya kutosha. Osha, na suuza ya mwisho iwe kwa maji ya mvua yaliyochujwa, kwa sababu visima vingi vya pwani vina chumvi na inaacha madoa. Ning'iniza bafuni baada ya kumwagia sakafu maji ili vumbi litulie.

Zikikauka, soma negativu kwa lenzi ya kukuzia, jicho kwanza. Sikio kali na jicho laini: modo alisogea mbele baada ya uzi kuondoka. Ncha ya pua kali: alirudi nyuma. Vyote laini lakini ukuta wa nyuma mkali: ulifokasi vibaya, uzi hauhusiki. Kila kitu laini kuelekea upande mmoja: kamera ilitikisika ulipochomoa slaidi au upepo uliingia. Kipande kisicho na kitu kabisa, angavu: slaidi haikutoka, au shata haikujazwa. Utando mweusi unaoanzia ukingoni: holda ilipata jua, na kama uko sehemu ileile kwenye vipande kadhaa, angalia mfuko wa mikunjo kwa tochi, gizani, kona kwa kona.